Mjomba na Mawe ya Isimila

Kwetu Segese jiwe halikai. Likishavutwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, linagongwa na akina mama waliokalia viroba, linatiwa kwenye karasha, mashine ya kusaga, unga wake unapitishwa kwenye sekeseke na zebaki, na marudio yanauzwa kwa mtu mwingine ayachenjue upya. Nimekua nikisikia karasha usiku kucha kama watu wa pwani wanavyosikia bahari. Kwa hiyo binti wa mjomba wangu alipotupigia simu kutoka chuoni Iringa na kusema kuna korongo karibu na mji ambako mawe yamelala palepale yalipoachwa, na watu wanalipa kiingilio ili wayatazame tu, nilimwomba arudie.

Binti huyo alikuwa anahitimu mwezi wa Novemba. Mjomba akasema atakwenda mwenyewe kumwona akivaa joho, hata kama kifua hakitaki. Miaka 28 ya kushuka maduarani imemwachia kikohozi cha vumbi na magoti yanayolia akiinuka, lakini ada ya yule binti, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo, imetoka humo humo chini. Mimi nikawa msindikizaji.

Tulitoka Segese kwa gari dogo hadi Kahama, tukalala, na alfajiri tukapanda basi la Dodoma. Tinde, Nzega, Igunga, kisha ile tambarare ya Wembere ambako macho hayapati pa kushika. Mjomba alilala hadi basi lilipoanza kuukwea mlima Sekenke. Hapo akaamka kama aliyeguswa bega. Aliniambia kwamba wazee waliomfundisha kazi walilitaja jina hilo kwa heshima, maana Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, zamani sana kabla mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, jirani yetu, haujafunguliwa mwaka 2001. Alibandika uso kwenye kioo akatafuta dalili ya mashimo. Singida akanionyesha yale majabali ya granaiti yaliyobebana kando ya ziwa, akasema, "Haya hayana kitu," kwa sauti ya mtu anayeusikitikia mlima kwa kukosa bahati. Hivyo ndivyo tulivyozoea kulitazama jiwe: lina kitu au halina.

Tulilala Dodoma, na kesho yake tukapita bwawa la Mtera hadi Iringa mjini, juu kwenye baridi. Mahafali yalikuwa mahafali: maua ya plastiki, picha nyingi, vigelegele, mjomba akilia bila kujificha. Jioni binti alitupeleka kuliona Gangilonga, jabali lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Mjomba alilizunguka mara moja, akaliwekea kiganja, akauliza huwa linasema nini. Binti akacheka, akamwambia asubiri kesho.

Isimila, lile korongo la mawe, iko kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, halafu unakata kushoto kwa njia ya vumbi. Tulifika saa tatu asubuhi kwa bajaji. Siku hiyo hapakuwa na mgeni mwingine. Dada aliyetupokea, mwongoza wageni, alimwamkia mjomba kwa "Kamwene," naye mjomba, ambaye hakuwa na Kihehe, akamrudishia "Mwangaluka" ya Kisukuma, na salamu zikaisha vizuri kwa pande zote mbili.

"Baba, utaweza kutembea?" dada aliuliza, akiwa amekwisha sikia kikohozi. "Njia yenyewe si ndefu. Tunashuka kidogo, tunafuata mchanga wa korongo, tunapanda tena. Tutakwenda kwa mwendo wako."

"Kuna pa kushikilia?"

"Kuna mkono wangu."

Tulianzia kwenye makumbusho madogo. Kitu cha kwanza alichotueleza ni kiboko. Mifupa iliyochimbwa Isimila ni pamoja na ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wetu, kama macho ya chura, ili aone huku mwili wote uko majini. Kiboko hakai pakavu. Maana yake hapa penye korongo ambalo sasa lina mchanga mtupu na miiba palikuwa na maji: ziwa dogo la kina kifupi, na vijito vilivyoleta mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka. Ziwa likakauka. Baadaye sana kijito cha Isimila kikaanza kuyakata matabaka yale kama kisu kinavyokata mkate, na ndani ya mkate vikaonekana vitu.

Aliyeviona na kuviokota ili vijulikane alikuwa msafiri, D. A. Maclennan, aliyepita hapa mwaka 1951 akitoka Nairobi kwenda Johannesburg. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuja kuchimba kwa utaratibu. Mwanzoni umri wa mahali ulikadiriwa kuwa mdogo. Baadaye vipimo vya urani ndani ya mifupa vikaupeleka hadi miaka 260,000 hivi. Dada alitamka namba hiyo polepole, akatuacha nayo, akaanza kushuka.

Njia ni nyepesi kweli. Mtoto wa miaka mitano angeweza kuipita. Inateremka kwenye ukingo wa udongo mwekundu, inaingia kwenye mchanga laini ambao unameza sauti ya viatu, na ghafla uko chini ya usawa wa nchi, kuta pande zote, upepo umekatika. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amebadilika mwendo. Mabega yameshuka, macho yanakwenda juu ya kuta kabla hayajarudi kwenye njia. Niliujua mwendo ule. Ndivyo anavyotembea mtu aliyezoea kuwa chini ya ardhi.

Kwenye banda la kwanza mawe yamelala kwa wingi, mamia, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu yeyote tuliyemjua. Ukiyatazama kwa haraka ni kifusi. Halafu jicho linatulia, na unaanza kuona kwamba kila moja limekusudiwa. Haya yenye umbo la tone la maji, mapana huku, yamechongoka kule, ni mashoka ya mkono. Yale yenye makali yaliyonyooka kwa mbele yalikuwa ya kupasulia na kuchunia nyama. Mengine madogo ni ya kukwangulia ngozi au miti. Mashoka kadhaa ya Isimila yana urefu wa zaidi ya sentimita 30, na dada alisema hata wataalamu hujiuliza ni mkono gani uliyatumia, au kama yalichongwa kwa sababu nyingine kabisa. Ufundi wa namna hii ulienea Afrika, Ulaya na Asia na kudumu kwa zaidi ya miaka milioni moja; jina lake la kitaalamu linatokana na Saint-Acheul, kitongoji cha Ufaransa, ingawa zana zake za kale kuliko zote zinazojulikana ziko huku kwetu Afrika Mashariki.

Palikuwa na jiwe moja lililotengwa kwa ajili ya wageni kulishika. Dada alimpa mjomba. Na hapa lazima nisimame kidogo, maana hicho ndicho nilichokuja kukiona bila kujua.

Mjomba hakulitazama kwanza. Alilipima uzito, akilirusha kidogo mkononi, kama anavyopima jiwe lolote kwa kutafuta uzito usiolingana na ukubwa. Alipoona ni jiwe la kawaida, alifumba macho. Akalizungusha taratibu hadi likakaa. Nililiona lilivyokaa: kidole gumba kikaingia kwenye kibonde, vidole vinne vikaupata mgongo, na makali yakatazama chini. Hakuna aliyemwonyesha. Akafumbua macho.

"Huyu alikuwa fundi," alisema.

Halafu akaanza kulisoma. Alipitisha ukucha kwenye kila kovu la kumeguliwa, moja baada ya jingine. Hapa alipiga kutoka juu. Hapa akaligeuza. Hapa alikosea, ona, kipande kikatoka kinene, jiwe likataka kuvunjika, kwa hiyo akaliacha ubavu huo, akahamia upande wa pili akipiga kidogokidogo. Dada, ambaye bila shaka ametembeza maprofesa, alisogea karibu. Alimuuliza amejuaje. Mjomba akamweleza kwamba yeye alianza kazi kwa moko, yaani tindo, na nyundo, kabla ya kumudu baruti, na kwamba mke wake amegonga mawe ya dhahabu kwa miaka mingi. Jiwe lina njia zake za kukatika na anayeligonga kila siku anazijua hata kama hana jina la kuziita. "Ukiligonga ovyo linakuwa kokoto. Huyu hakugonga ovyo."

Alilirudisha kwa mikono miwili.

Nimesoma makala kadhaa kuhusu Isimila tangu nirudi. Wataalamu wamebishana kwa nini zana nyingi hivi ziko mahali pamoja: kama watu walikaa hapa na kuzichonga, au maji ya vijito ndiyo yaliyozikusanya. Ubishi huo ni wa maana na sina neno la kuongeza. Lakini katika yote niliyosoma sijakutana na mtu aliyeandika juu ya lile kosa katika jiwe na jinsi lilivyosahihishwa. Nimeliona likielezwa na mchimbaji mdogo wa Segese ambaye aliacha shule darasa la nne.

Kutoka bandani tulifuata mchanga kuelekea kwenye nguzo. Kwanza zinatokea moja moja, kisha unapinda kona na umeingia katikati yake: nguzo za mchanga na udongo mgumu, nyekundu chini, za manjano na nyeupe juu, nyingine zina urefu wa zaidi ya mita 10, zimesimama kama watu walioitwa mkutanoni wakangoja. Kila nguzo ni kipande cha lile tabaka lililokuwa limejaa hapa kote. Mvua ilipata nyufa, ikaingia, ikachukua palipo laini. Pale ambapo juu palikuwa na kipande kigumu, kikawa kama kofia na kulinda kilicho chini yake. Uturuki kuna eneo la Cappadocia na Marekani kuna Bryce Canyon, na watu hupanda ndege kutoka mbali kuona nguzo za namna hii. Za Isimila ni chache na ndogo kuliko za huko, lakini unazigusa kwa bega ukipita, na siku ile zilikuwa zetu peke yetu.

Binti alitaka picha ya baba yake akiwa amesimama chini ya nguzo ndefu kuliko zote. Mjomba alikataa. Alikwenda kwenye ukuta wa jirani, akaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara tatu, akatega sikio. Akahamia hatua mbili, akagonga tena. Sauti ya pili hata mimi niliisikia: ilikuwa nene, kama ya mtungi.

"Huu umeachana na mwenzake," alisema. "Tupite katikati."

Dada alikubali mara moja. Alituonyesha kisiki cha udongo chenye kimo cha goti: kilikuwa nguzo, mvua za msimu uliopita zikaiangusha usiku. Mjomba alikitazama kisiki kile kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama nguzo. Sikumuuliza, kwa sababu najua. Mwenzake wa duara, waliyekula naye chungu kimoja miaka tisa, alibaki chini siku ukuta ulipoachia ukaangusha matimba, magogo ya kuushikiza. Yeye alikuwa amepanda juu kufuata maji ya kunywa. Huwa halisemi jambo hilo na siku ile pia hakulisema. Aliokota tu fimbo, akamwashiria binti yake atembee mbele yake, mbali na kuta, na picha ikapigwa kwenye mchanga katikati ya korongo, jua likiwapiga usoni.

Tulipumzika kwenye kivuli. Dada aliuliza kuhusu Segese, kama kuna mawe ya kuvutia. Nilitaka kucheka, kwamba kwetu hakuna kitu kingine. Lakini nilichojua zaidi ya bei ya gramu ni kile nilichowahi kusoma, nikamwambia: miamba ya ukanda wetu, kutoka Kahama hadi Geita, ilianza kama zaha ya volkano iliyomwagika chini ya bahari, na umri wake ni kama miaka bilioni 2.7. Baadaye maji ya moto yenye madini yalipanda kwenye nyufa za miamba hiyo, yakapoa, yakaacha lile jiwe jeupe la kwatzi, na ndani yake dhahabu. Kile wachimbaji wanachokiita mkanda, ambacho wanakifuata chini kwa mishumaa na tochi, ni ufa wa kale uliojazwa.

Binti wa mjomba alihesabu kwenye simu. Kisha akatuonyesha kwa miguu. Alipiga hatua moja kwenye mchanga: hiyo ni miaka 260,000, ya fundi wa shoka na kiboko wa macho ya chura. Ili kufikia umri wa miamba ya Segese, alisema, angetakiwa kupiga hatua zaidi ya 10,000. Ni mwendo wa karibu kilomita saba. Angetoka humu korongoni, akarudi barabarani, na kuendelea hadi njaa imshike.

Mjomba alitazama ile alama moja ya kiatu.

"Na hilo ndilo tunalolisaga," alisema. Baadaye kidogo: "Mbona hatukuambiwa?"

Swali hilo nimerudi nalo. Sina kinyongo na uchimbaji. Joho lile lilinunuliwa na dhahabu, na kijana wa Segese anayeshuka duarani anatafuta chakula kama mkulima yeyote. Lakini watoto wetu wanacheza kila siku juu ya sakafu ya bahari ya kale kuliko samaki wa kwanza, na hakuna kibao hata kimoja kinachosema hivyo. Isimila kilichofanyika ni kidogo sana ukikitazama: njia ya miguu, banda la kukinga mvua, chumba cha makumbusho, mtu anayejua kueleza, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayomkataza mgeni kuondoka na jiwe mfukoni. Segese ingehitaji pungufu ya hapo. Kilomita moja tu ya njia, kutoka mahali mwamba wa kijani unapotokeza juu ya ardhi hadi kwenye mkanda mweupe wa kwatzi, hadi kwenye duara la zamani lililozungushiwa uzio imara ili asitumbukie mtu. Na mwongoza wageni asitafutwe mbali. Wako wazee wengi ambao vifua haviwaruhusu tena kushuka, nao wanajua jiwe kwa ukucha.

Kupanda kutoka korongoni ndiko kulikokuwa kugumu, ijapokuwa ni mwinuko mdogo. Mjomba alisimama mara nne. Mara ya mwisho dada alimshika kiwiko kama alivyoahidi, akamwambia, "Baba, siku nyingine ukija, njoo unifundishe yale makovu." Mjomba akamjibu kwamba hakuna cha kufundisha, lakini alifurahi, nilijua kwa jinsi alivyonyanyua kofia yake na kuivaa upya.

Tulirudi Segese baada ya siku tatu. Tuliingia jioni, karasha zikiunguruma, vumbi limetanda juu ya mabati. Mjomba hakukaa. Alikwenda nyuma ya jiko, ambako jiwe la kusagia la marehemu bibi limetumika kwa miaka kuzuia mlango wa banda la kuku. Aliliinamia, akalivuta hadi uwanjani kwa shida, akamtuma mjukuu alete maji. Alilisugua kwa kiganja hadi tope likatoka na kibonde kikaonekana, kile kilichochimbwa na mtama na uwele wa maisha mazima ya mtu mmoja. Kisha akalitafuta jiwe dogo la juu, mwenzake, akalipata chini ya tangi. Akafumba macho, akalizungusha mkononi.

"Njoo," alimwambia mjukuu. "Leta kidole chako gumba. Weka hapa."